Uso ni Amana

Wahenga wa pwani wameacha methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, hazipatani. Ya kwanza yasema: mficha uchi hazai. Ya pili yasema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya kwanza ni methali ya mkunga. Humhimiza mtu ajifunue, kwani mwenye kusitiri uchungu wake hawezi kusaidiwa. Ya pili ni methali ya mwosha. Humsifu yule aliyeona yote akanyamaza. Huingia chumbani, hufunga mlango, huziona alama zote za mwili usioweza tena kujitetea, kisha hutoka na maneno ya kheri peke yake. Mkunga na mwosha wote wawili wameruhusiwa kuuona uchi wa mwanadamu, na kila mmoja ana adabu yake. Je, mpigapicha anayeingia katika maisha ya watu waliojificha kwa hofu ya sheria, ya jamaa na ya majirani, afuate adabu ya nani? Afunue ili wasaidiwe, au asitiri ili wasidhurike?

Swali hili lina mahali pake na watu wake. Kwa muda wa miaka takriban arubaini, wapigapicha kadhaa wa Asia wameshika kazi ya kuhifadhi kwa picha maisha ya watu wanaowapenda wa jinsia yao, na ya wale ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao si ile waliyopewa siku ya kuzaliwa. Mji wa Delhi, nchini India, umetoa mifano miwili inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu wapigapicha wake wenyewe walilikabili swali hilo waziwazi. Msomaji aweza kuwa na rai yake juu ya mwenendo wa watu hao, kwa mujibu wa dini yake na malezi yake, na makala haya hayakukusudiwa kushindana na rai hiyo. Linalopimwa hapa ni jambo jingine, nalo lamhusu kila mwenye uso: picha ya mtu ikishapigwa, huwa ni mali ya nani? Na aliyeipiga anabaki na deni gani kwa aliyepigwa?

Kamera haikuingia India kama rafiki wa wanyonge. Kati ya mwaka 1868 na 1875, serikali ya Kiingereza ilichapisha mabuku manane yaliyopewa jina la The People of India, yenye picha zaidi ya 400 za watu wa makabila na matabaka mbalimbali. Wengi katika watu hao hawakutajwa kwa majina yao. Kilichotajwa ni kabila, kazi na tabia iliyodhaniwa kuwa ni yao, kana kwamba mtu ni sampuli ya nafaka iliyotiwa ndani ya chupa ipate kukaguliwa. Katika zama hizo hizo, mwaka 1860, ilitungwa Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo kifungu chake cha 377 kilifanya mahaba ya wanaume wawili kuwa kosa lililoweza kumpeleka mtu kifungoni maisha. Mwaka 1871 ikafuata sheria ya yale yaliyoitwa makabila ya wahalifu, na sehemu yake ya pili iliwalenga hijra.

Neno hili lisimchanganye msomaji Mwislamu. Katika Kihindi na Kiurdu, hijra anayetajwa hapa hahusiani na safari ya kuhama. Ni jina la jamii ya kale ya watu ambao wengi wao walizaliwa wakaitwa wanaume, na baadhi walizaliwa huntha, wakaishi kwa mavazi na majina ya kike chini ya walimu wao, ambao huwaita guru, wakipata riziki kwa kuimba, kucheza na kuombea baraka katika arusi na mazazi. Sheria ya mwaka 1871 iliamuru waliotuhumiwa miongoni mwao waandikwe daftarini, majina yao na makazi yao, na ikawakataza walioandikwa kuvaa nguo za kike na kucheza hadharani. Picha na daftari, kwa hiyo, zilikuwa ndugu. Kumtazama mtu kulikuwa ni hatua ya kwanza ya kumshika.

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa urefu. Kanuni hiyo hiyo ya India ilivuka bahari, ikatumiwa Zanzibar na katika Afrika Mashariki ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya kubadilishwa kwa kanuni nyingine katika karne ya 20. Na kamera nayo ilivuka. Mafundi wenye asili ya Goa, kama akina Gomes na Coutinho, walifungua vyumba vya picha Unguja na kuuza kadi za posta zenye sura za wanawake wa pwani. Kadi hizo zilipanda meli zikaenda Ulaya, zikashikwa na mikono ambayo wanawake hao hawakuijua. Chini ya nyingi katika kadi hizo pameandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Jina lake halipo, mtaa wake haupo, wala hapajulikani kama aliridhia. Leo kadi hizo huuzwa kwa bei kubwa, na yule mwanamke bado hana jina.

Mpigapicha wa leo, hata awe na nia njema kiasi gani, amerithi chombo chenye historia hiyo. Nia njema haiisafishi kamera, kwani aliyewaandika watu daftarini naye alidhani anatenda mema. Hapana budi ipatikane adabu ya kukitumia chombo hicho, na adabu huonekana katika matendo kuliko katika maneno. Kwa hiyo matendo na yatazamwe.

Sunil Gupta alizaliwa Delhi mwaka 1953, akahamia Kanada pamoja na wazazi wake mwaka 1969, akajifunza upigaji picha New York, kisha akafanya maskani London. Huko New York, mwaka 1976, alikuwa akisimama katika barabara iitwayo Christopher Street na kuwapiga picha wanaume waliokuwa wakipita mchana kweupe bila ya kuficha kwamba hupendana. Miaka kumi baadaye alirejea Delhi kwa kazi aliyoagizwa na jumba la sanaa la London liitwalo The Photographers' Gallery. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa namna hiyo wapo India pia, na kwamba wao si desturi iliyoletwa kutoka ng'ambo. Lakini Delhi haikuwa Christopher Street. Kifungu cha 377 kilikuwa hai, polisi walikitumia kuwatisha watu na kuwatoza fedha, na mwanamume ambaye uso wake ungeonekana aliweza kupoteza kazi, nyumba na ukoo kwa siku moja.

Matokeo yake ni mfululizo wa picha za rangi za miaka 1986 na 1987, alioupa jina la Exiles, yaani watu walio uhamishoni. Wanaume wamesimama au wameketi katika mahali panapojulikana na kila mtu: kaburi la mfalme Humayun, msikiti mkuu uitwao Jama Masjid uliojengwa zama za Shah Jahan, lango la India Gate lililojengwa kuwakumbuka askari waliokufa vitani, bustani na magofu ya Hauz Khas. Majengo yanaonekana barabara. Watu, katika nyingi ya picha hizo, wameupa mgongo mtazamaji, au wamegeuza uso, au wako mbali kiasi cha kutotambulika. Chini ya picha pamewekwa maneno machache yaliyotokana na mazungumzo na wanaume kama wao: juu ya ndoa walizolazimishwa, upweke, woga, na kutafuta mwenzi gizani. Jina la mfululizo huo lina uchungu ndani yake. Watu hao hawakutoka katika mji wao. Wako uhamishoni wakiwa mbele ya makaburi ya wafalme wao.

Wapo watakaosema kwamba picha hizo si kumbukumbu za kweli, kwa sababu watu wake walipangwa. Ni kweli walipangwa, na mpigapicha mwenyewe hakulificha jambo hilo. Lakini hoja hiyo hudhani kwamba ukweli wa picha umo katika uso peke yake. Mgongo uliogeuzwa mbele ya Jama Masjid haumwelezi mtazamaji mtu yule ni nani, lakini humweleza kwa yakini sheria ya nchi yake ilivyokuwa mwaka 1986. Lau mpigapicha angeuonyesha uso, angepata sura ya mtu mmoja na kupoteza hali ya maelfu. Woga wenyewe ndio uliokuwa habari, na picha imeuhifadhi kama ulivyo.

Wapenzi wa ushairi hawatashangaa. Delhi ni mji wa ghazali, mji wa Mir na wa Ghalib, na katika ghazali za Kiurdu mpenzi hutajwa kwa kawaida kwa lugha ya kiume, asijulikane kama ni mwanamke, au ni mvulana, au ni Mola. Msomaji huachiwa achukue kiasi cha uwezo wake. Kiswahili nacho kimejaaliwa neno yeye, lisilobagua mume na mke, na malenga wa pwani tangu zamani wamemwimba mpenzi kwa jina la ua, la lulu, la jahazi lililoondoka bandarini, wakamficha ndani ya fumbo hata mumewe au mamaye asimjue. Hakuna aliyewahi kusema kwamba fumbo ni uongo. Fumbo ni ukweli unaochagua masikio. Picha za Exiles ni mafumbo ya namna hiyo: husema jambo lote, ila jina.

Hata hivyo fumbo lina sharti moja, nalo ni kwamba mwenye siri ndiye alitunge. Mshairi akificha jina la mpenzi wake, hiyo ni sitara. Mtu mwingine akimfunga mdomo mshairi, hiyo si sitara tena, ni dhuluma iliyovaa joho la heshima. Tofauti baina ya mambo haya mawili haionekani kwa macho, maana uso uliofichwa kwa hiari na uso uliofichwa kwa nguvu huonekana sawasawa. Ndiyo maana haitoshi kuitazama picha. Hapana budi kuuliza ilivyopatikana.

Mfano wa pili ndio unaolieleza jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 1989 mpigapicha wa kike wa Delhi, Dayanita Singh, aliyezaliwa mwaka 1961, aliagizwa na gazeti la The Times la London apige picha za hijra wa Delhi. Alimkuta Mona Ahmed, aliyekuwa maarufu katika jamii yake, akampiga picha. Baadaye Mona aliuliza picha zile zitatoka wapi. Alipojua kwamba zitatoka London, aliomba arudishiwe mkanda, kwa kuwa alikuwa na jamaa zake huko, wala hakutaka wamwone katika hali ile. Singh alimpa. Picha zile za gazeti hazikutoka, na kazi ile ikafa.

Kwa hesabu ya gazeti, hiyo ni hasara. Kwa hesabu ya adabu, huo ndio mwanzo wa kila kitu. Katika tendo lile la kurudisha mkanda, mpigapicha alikiri jambo ambalo mabuku manane ya mwaka 1868 hayakulikiri kamwe: kwamba picha ya mtu iliyomo ndani ya kamera ya mwingine ni amana. Mwenye kuwekewa amana hashindani na mwenyewe anapokuja kuidai. Hamwambii kwamba mwanga ulikuwa mzuri, au kwamba umma una haki ya kujua, au kwamba tayari amelipwa. Huitoa.

Urafiki wa wawili hao ulianzia hapo, ukadumu mpaka kufa kwa Mona mwaka 2017. Matunda yake yalikuwa kitabu, Myself Mona Ahmed, kilichotoka mwaka 2001. Ndani yake wamo Mona mcheza ngoma, Mona mwenye karamu kubwa za kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto aliyemlea, Mona mlevi na mwenye huzuni, na Mona aliyetengana na jamii yake, akampoteza yule mtoto, akahamia kuishi makaburini, mahali walipozikwa wazee wake. Maneno ya kitabu ni ya Mona mwenyewe, kwa mtindo wa barua pepe alizomwandikia mchapishaji. Anasimulia, anajisifu, anatia chumvi, analia, anabadili habari. Hakuna mtaalamu anayemfasiri. Jina la kitabu lenyewe limewekwa kinywani mwake: mimi ndiye Mona Ahmed.

Mtu aweza kuuliza kwa nini aliyeomba mkanda wake mwaka 1989 aliridhia kitabu kizima mwaka 2001. Mona hakubadilika akawa mtu asiyejali kuonekana. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza alikuwa atoke gazetini kama mfano wa hijra, na mara ya pili alitoka kama Mona. Mara ya kwanza uso wake ungetumika kueleza habari ya kundi. Mara ya pili kundi liliachwa nyuma, akabaki mtu mmoja mwenye kiburi chake na majeraha yake. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya hayo. Ridhaa ya namna hiyo haipatikani kwa karatasi ya kutia saini mlangoni.

Wala haifai kuifanya hadithi hii kuwa tamu kupita ilivyokuwa. Mwaka 2013 kazi ya Singh juu ya Mona ilionyeshwa Venice, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, na mwaka 2022 Singh alipewa tuzo ya Hasselblad, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za wapigapicha. Mona alizeeka makaburini. Hapana urafiki unaofuta pengo hilo, na hakuna aliyedai kwamba umelifuta. Aliyepigwa picha hutoa kitu asichoweza kukitoa mara mbili. Mwenye kupiga hutoka na kitu anachoweza kukionyesha maisha. Adabu ya amana haiondoi tofauti hiyo, ila humkumbusha aliyepata zaidi kwamba bado anadaiwa.

Hapa ndipo methali ya mkunga inapopaswa kusikilizwa nayo, isije sitara ikasifiwa mpaka ikawa kaburi. Mwaka 1995 Sunil Gupta alijua kwamba ana virusi vya Ukimwi. Katika miaka hiyo maradhi yale yalikuwa yakienea India, na walioathirika ambao walijificha hawakufikiwa na dawa wala ushauri. Waliojaribu kuwapelekea mafunzo na kinga waliweza kusumbuliwa na polisi kwa madai kwamba wanasaidia uhalifu. Ni kwa sababu hiyo jumuiya iitwayo Naz Foundation ilifungua kesi mwaka 2001 katika Mahakama Kuu ya Delhi kukipinga kifungu cha 377. Mficha uchi hazai: mtu ambaye hayupo machoni mwa watu hayupo pia katika bajeti, wala hospitalini, wala mahakamani. Majaji huona tabu kumtetea mtu ambaye jamii nzima husema hayupo.

Na uso unapokosekana, nafasi yake haibaki tupu. Hujazwa na uvumi, na kichekesho cha sinema, na picha ya polisi. Mfano mmoja wa nje ya India unatosha. Mwezi Mei 2017 polisi wa Jakarta, Indonesia, walivamia nyumba ya kuogea mvuke wakawakamata wanaume 141, na picha za baadhi yao, hali ya kuwa hawana nguo, zikasambaa katika simu za watu. Indonesia wakati huo haikuwa na sheria ya taifa zima iliyoharamisha mapenzi ya watu wa jinsia moja. Walikamatwa kwa madai ya kuvunja sheria ya kupiga vita ponografia. Picha zile zilikuwa za kweli kwa maana ya macho. Watu wale walikuwapo, na chumba kile kilikuwapo. Lakini hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba kwa kuwa zilikuwa za kweli basi zilikuwa na haki. Ukweli peke yake, kwa hiyo, haumpi mtu ruhusa ya kuonyesha. Kinachotenganisha picha za Jakarta na picha za Mona si nguo wala mwanga. Ni kwamba upande mmoja aliyeonekana alikuwa na neno, na upande wa pili hakuwa nalo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema: mtu aulizwe, na akiridhia, basi. Lakini Delhi imeonyesha kwamba hata hilo halitoshi, kwa sababu ridhaa hutolewa siku moja na picha huishi miaka mingi. Katika miaka ya 2000 Gupta alirudi kuishi Delhi, na kuanzia mwaka 2007 hadi 2012 alipiga mfululizo mwingine, Mr Malhotra's Party. Jina hilo latokana na desturi ya wakati ule, ambapo karamu za watu hao katika vilabu zilitangazwa kama shughuli ya faragha ya bwana fulani asiyekuwapo. Lakini katika picha hizi mambo yamegeuka. Watu wamesimama mitaani mwa Delhi, mchana, wanaitazama kamera uso kwa uso, na majina yao yametajwa. Miaka ishirini baada ya migongo ile ya Exiles, nyuso zimegeuka.

Katikati ya kazi hiyo, tarehe 2 Julai 2009, Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba kifungu cha 377 kisiwahusu tena watu wazima wanaoridhiana faraghani. Watu walishangilia barabarani, na wengi walionyesha nyuso zao kwa mara ya kwanza. Kisha, tarehe 11 Desemba 2013, Mahakama ya Juu ya India ikaibatilisha hukumu hiyo, kifungu kikarudi kama kilivyokuwa. Msomaji na afikiri maana yake kwa mtu aliyetoa uso wake na jina lake mwaka 2010. Aliutoa akiwa raia huru. Baada ya miaka mitatu picha ile ile, bila ya kubadilika hata chembe, ikawa ni sura ya mtu ambaye sheria humwita mhalifu. Hakuondoka mahali alipo. Sheria ndiyo iliyohama chini ya miguu yake. Ilibidi apite miaka mingine karibu mitano mpaka tarehe 6 Septemba 2018, Mahakama ya Juu ilipokiondoa kifungu hicho kwa watu wazima walioridhiana. Na hata baada ya hapo, mwezi Oktoba 2023, mahakama hiyo hiyo ilikataa kuzitambua ndoa zao.

Historia hiyo fupi huonyesha kwamba ridhaa inafanana na dhamana ya baharini kuliko na mauzo ya sokoni. Anayeuza shamba amemaliza. Anayepanda jahazi amejiweka mikononi mwa nahodha mpaka atakapofika, na upepo ukibadilika nahodha hawezi kusema kwamba nauli ilikwisha kupokewa. Aliyepiga picha, na jumba linaloitundika, na mchapishaji anayeirudia, wote ni manahodha wa namna hiyo. Wanawajibika kuuliza upya pindi hali inapobadilika. Picha ambayo ilikuwa halali kuonyeshwa London mwaka 1987 huenda ikamdhuru mtu ikionyeshwa mtaani kwao. Na picha iliyokuwa salama mtaani kwao mwaka 2010 iliweza kumdhuru hapo hapo mwaka 2014.

Mkanda wa mwaka 1989 ulikuwa mmoja, nao uliweza kurudishwa mkononi. Picha ya leo haina mkanda. Ikishatumwa katika simu moja imeingia katika simu elfu, na hapana awezaye kuidai akaipata yote. Wengine husema kwamba kwa sababu hiyo mas'ala ya amana yamepitwa na wakati. Kinyume chake ndicho kweli. Kitu kisichoweza kurudishwa kinataka uangalifu mkubwa zaidi kabla ya kupokewa, kama vile neno lisilorudi kinywani linavyotaka kupimwa kabla ya kusemwa. Wajibu ambao zamani uliweza kutimizwa baada ya picha, leo lazima utimizwe kabla yake: katika kukaa na watu, katika kuwaeleza picha itakwenda wapi na nani ataiona, katika kuwaachia nafasi ya kukataa bila ya kuona haya, na wakati mwingine katika kuifunga kamera na kunywa chai.

Mzigo huu haumwangukii mpigapicha peke yake. Mtazamaji naye amewekewa amana. Anayesimama mbele ya picha ya mwanamume aliyegeuza mgongo na kutamani kujua ni nani, amekwisha kuanza kufanya kazi ya lile daftari la 1871. Anayesimama mbele ya uso wa Mona na kusema kwamba sasa anawajua hijra, ameurudisha uso huo gazetini, mahali Mona alipokataa uende. Picha njema humnyima mtazamaji kitu fulani, na adabu yake ni kuridhika na kile alichopewa.

Basi mpigapicha afuate adabu ya nani, ya mkunga au ya mwosha? Tofauti iko kwa yule anayehudumiwa. Maiti hawezi kusema, na kwa hiyo mwosha humnyamazia. Mzazi yuko hai, hupiga kelele, husema pale panapomuuma, na mkunga hufunua kwa kadiri ya haja yake na kufunika mara haja inapokwisha. Watu wa Exiles, na Mona Ahmed, na wale waliosimama mitaani mwa Delhi na majina yao, wote walikuwa hai. Kosa la mwenye kuwafunua kwa nguvu ni kuwafanya kama vitu. Kosa la mwenye kuwasitiri bila ya kuwauliza ni kuwafanya kama maiti. Kwa kuwa wako hai, na waulizwe; na kwa kuwa wataendelea kuishi baada ya picha, na waulizwe tena.